Jikoni Ambamo Fundi Masese Hataingia Tena

Saa moja kasorobo asubuhi, siku ya Jumanne. Ukungu bado umelalia majani chai ya kijiji kimoja kilicho nyuma ya soko la Kebirigo, Kaunti ya Nyamira, na Masese Onyiego anaizunguka nyumba ya mwanawe. Mlango wa mbele uko wazi na chai inanukia. Angekata sebuleni, angefika kazini kwa hatua kumi na mbili. Yeye anashika njia ya nje, anapita kando ya migomba, nyuma ya tangi la maji, na kutokea upande wa pili suruali ikiwa imelowa umande hadi magotini.

Nyasi za njia hiyo zimekufa. Amezikanyaga kwa wiki tano, kwenda na kurudi.

Upande huo wa pili ndipo chumba kipya kilipo. Kina futi kumi na nne kwa kumi na mbili, ni cha matofali ya kuchoma kutoka Keumbu, na kimeegemezwa kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba. Mabati yako juu, madirisha yana vioo, chimni ya kutolea moshi imechomoza paani. Ndani kuna jiko la kuni lililojengewa, kaunta ya saruji, sinki, na sakafu nyekundu inayong'aa. Kuna mlango mmoja tu, nao unatazama migomba. Mlango wa kuingilia nyumbani bado haupo. Mahali pake kuna ukuta mtupu na mstari wa chaki.

"Bwakire," anamsalimia Mong'ina, mtu wake wa mkono, ambaye tayari anachekecha mchanga.

"Bwakire, mzee. Leo umechelewa."

"Nimechelewa wapi? Wewe ndiye ulilala hapa."

Mong'ina anacheka. Mama huyu wa watoto wanne amefanya kazi na Masese kwa miaka kumi na moja, na hakuna siku amemwacha mzee apate neno la mwisho.

Masese ana umri wa miaka sitini na mitatu. Ni fundi wa mawe na matofali, lakini ukimwuliza mtu yeyote kati ya Keroka na Kebirigo, atakwambia ni fundi wa jikoni. Amejenga vyumba vya kupikia vinavyozidi mia moja na arobaini. Siku yake ya kazi hulipwa shilingi elfu moja na mia tano, ya Mong'ina mia tisa, na miezi ya mvua nyingi huweza kupita wiki mbili bila kuitwa popote. Kazi hii ya sasa haina bei. Chumba ni cha Osoro, mwanawe wa kwanza, na mkewe Linet.

Hapo ndipo penye shida.

Kwa Wagusii, baba akishamwoza mwanawe hakanyagi tena ndani ya nyumba ya mwana huyo. Atakaa uani, atapewa kiti kizuri, ataletewa chai na ugali wa wimbi, atacheza na wajukuu mpaka jua litue. Mlango haupiti. Heshima hiyo inaitwa chinsoni, na ndiyo pia inayomfanya mzee asimkodolee macho mke wa mwanawe, wala mke huyo asimpayukie mzee ovyo. Wapo walioiacha. Masese, mzee wa kanisa la Waadventista na mtu asiyependa ugomvi na kitu chochote, ameishika tangu Osoro alipooa mwaka 2016.

"Pasta aliniambia hayo ni mambo ya zamani, hayafungii mtu mbingu," anasema huku akifuta mwiko kwa kitambaa. "Nikamwambia ni kweli kabisa. Mimi sikatai. Ni hii miguu ndiyo inakataa."

Basi akatafuta njia. Akajenga chumba chote kwa nje, kuanzia msingi hadi kufuli la dirisha, bila kubomoa ukuta wa nyumba. Hata linta, boriti ya juu ya mlango ujao, aliitia akiwa upande wake, kisha akauacha ukuta chini yake ulivyo.

"Ukuta ukiwa mzima, hapa ni saiti," anaeleza. "Ninaingia na viatu, ninatema mate nje, ninakaa. Siku utakapobomolewa na moto ukawashwa, hapa ni kwa mke wa mwanangu. Mimi natoka, na sirudi."

Siku hiyo imeshapangwa. Ni Ijumaa hii. Linet anataka chakula cha Sabato kipikwe kwenye jiko jipya kabla jua halijatua, na Osoro, fundi mitambo katika kiwanda cha chai upande wa Itumbe, ameomba ruhusa ya kutoka kazini mapema.

Kwa wateja wengine Masese hurudi baada ya mwezi. Huwa anakaa kwenye kigoda, mwenye nyumba anapika, yeye anasikiliza. Jiko likikohoa anajua pa kugusa. Mlango ukikwaruza anautoa, kaunta ikipasuka anaiziba. Anasema kazi nusu ni kujenga na nusu ni kurudi.

"Hapa sina kurudi," anasema. "Nikikosea, kosa litakaa humo ndani, na mimi nitalisikia kwa majirani."

Osoro alishapendekeza waite fundi mwingine, mtu asiye wa ukoo, ili baba yake apumzike. Jibu alilopata bado analisimulia kwa kucheka kila anapopigiwa simu: "Nimewajengea wake za watu jikoni tangu hujazaliwa. Wako aje ajengewe na mtu nisiyemjua?"

Na haja yenyewe ilikuwepo. Mpaka leo Linet anapikia kwenye kibanda cha udongo chenye mafiga matatu, hatua kumi kutoka nyumbani. Mvua ya Nyamira haiulizi saa. Ikinyesha jioni, na hunyesha jioni, yeye hufunika sufuria kwa kanga na kukimbia nayo, watoto watatu wakimshangilia kutoka dirishani. Moshi wa kibanda hicho umemfanya afumbe jicho moja hata anapozungumza na mtu kanisani.

Jumanne hii kazi iliyobaki ni ndogo. Masese ana desturi yake: kabla ya kufungua mlango wowote kwenye ukuta wa zamani, hutoa tofali moja la chini kabisa, apitishe pima maji, ahakikishe sakafu mbili zinakutana. Analiita tofali la kuchungulia. Kwa kawaida hulitoa mwenyewe. Leo anampa Mong'ina patasi na nyundo, na yeye anasimama kando uso wake ukiwa umeelekea kwenye sinki.

"Kwa nini unasumbuka na tofali?" Mong'ina anamtania. "Si wewe ndiye uliijenga hii nyumba yote?"

Ni kweli. Aliijenga mwaka 2015, Osoro akiwa bado kijana asiye na mke, na aliimwaga sakafu kwa mikono yake. Hata Osoro alipotaka kumpigia simu ya video mwezi uliopita ili aone sebule, mzee alikataa. "Macho yakiingia, mtu ameingia," alimwambia. "Na hiyo nyumba naijua. Naweza kukuambia pale mlipoweka kabati kuna bonde la nusu inchi." Kipimo cha sakafu ya jikoni alikitoa kichwani, kwa nyumba anayoikumbuka.

Tofali linatoka. Mong'ina analala kifudifudi, anachungulia.

"Mzee."

"Sema."

"Huku kuna taili."

"Taili gani? Hiyo ni simiti. Niliipiga mimi."

"Ni taili, mzee. Rangi ya maziwa. Na iko juu." Anapitisha mkono kwenye tundu, anapima kwa vidole. "Iko juu sana."

Masese hageuki. Mkono wake umeshika ukingo wa sinki.

"Juu kiasi gani?"

"Inchi tatu. Karibu tatu."

Kuku wanapekua chini ya migomba. Kisha upande wa pili wa ukuta nyayo zinasogea, zinasimama, zinaondoka haraka. Dakika mbili baadaye Linet anatokea kwa kuzunguka nje, kupitia njia ileile iliyokufa nyasi, mikono ikiwa na unga. Hamkaribii. Anasimama kando ya tangi, macho chini.

"Tata, tusamehe," anasema, akimwita baba kwa Kigusii. "Ilikuwa Krismasi ya mwaka juzi. Sakafu ilikuwa inapasuka kwa chini, maji yanapanda. Osoro akaleta fundi, akamwaga simiti ingine juu, akaweka taili."

"Fundi wa wapi?"

"Wa Keumbu."

Mzee anatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza habari za mbali.

"Tulisema tukuambie," Linet anaendelea, sauti ikipungua. "Tukaona haya. Tulisema utauliza mbona hatukukuita. Na kukuita hatuwezi."

"Mtoto wangu," anasema Masese hatimaye, bado akiongea na sinki, "hakuna kosa hapo. Rudi uangalie unga wako."

Lakini kulikuwa na kitu. Anakiri baadaye, akiwa amekaa juu ya karai lililopinduliwa, kikombe cha uji mkononi. "Iliniuma," anasema bila kuzunguka. "Si hiyo taili. Watu huweka taili. Iliniuma kwa sababu miaka miwili ninalala nikijua nyumba ya mwanangu ikoje, kumbe nyumba ninayoijua haiko tena."

Drusilla, mkewe, ameshafika. Habari katika boma hili hutembea upesi kuliko watu, na nyumba yake iko hatua hamsini tu chini ya mteremko. Amesimama mlangoni mwa chumba kipya, leso kiunoni, anaitazama sakafu nyekundu iliyong'arishwa kwa siku tatu.

"Sasa utaweka ngazi hapo mlangoni?" anauliza. "Mtu amebeba sufuria ya moto, mtoto yuko miguuni, unamwekea ngazi?"

"Sijasema ngazi."

"Umeifikiria."

"Nimeifikiria nikaitupa," anasema Masese. "Tutainua sakafu yote. Inchi tatu, kutoka ukuta hadi ukuta."

Mong'ina anapiga mluzi. Leo ni Jumanne mchana. Saruji ikimwagwa kesho, Ijumaa itakuwa na siku mbili, inakanyagika kwa shida. Mlango wa nje utagoma, itabidi ukatwe kwa chini. Na kuna jambo lingine, ambalo Masese analisema mwishoni kwa sauti ya mtu aliyekubali hasara: sakafu ikipanda, kaunta na jiko vitakuwa vifupi kwa inchi tatu. Vilikuwa inchi thelathini na tano. Vitabaki thelathini na mbili.

Hapo yafaa kusimulia siri ya fundi huyu. Kaunta zake zote, mia moja na arobaini na ushee, zina kimo kimoja. Alikipata mwaka wa kwanza wa ndoa, alipomwambia Drusilla asimame ukutani, akunje mkono, naye akachora alama ya penseli chini kidogo ya kiwiko. Tangu siku hiyo hajapima tena. Wanawake wa kaunti mbili wanakanda chapati kwa kimo cha Drusilla, na wengi wao hawajawahi kumwona.

Drusilla anaanza kucheka. Anacheka mpaka anashika mlango.

"Linet!" anaita. "Njoo hapa, usiogope, njoo nje hapa."

Linet anakuja, anafuta mikono. Drusilla anamsimamisha karibu naye pale uani, bega kwa bega, isipokuwa mabega hayakutani. Anamkunja mkono. Kiwiko cha Linet kiko chini ya kile cha mama mkwe kwa upana wa kiganja.

"Miaka tisa unamwona huyu mtoto," anamwambia mumewe, "hujajua ni mfupi?"

Masese anaangalia migomba. "Mke wa mwanangu nitampima na nini? Sijawahi hata kumwangalia vizuri."

"Hiyo kaunta ilikuwa yangu, si yake. Angepika akiwa amesimama juu ya debe."

"Nilikuwa nimeshatafuta debe, mama," Linet anasema kwa sauti ndogo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo wote wanne wanacheka pamoja, mzee akiwa bado amewapa mgongo.

Jumatano asubuhi Masese yuko mjini Kisii, katika duka la vifaa vya ujenzi la Jinal, mwanamke wa umri wa miaka arobaini na kitu ambaye babu yake ndiye aliyeweka kaunta ile ile ya mbao anayoiegemea. Masese amenunua hapo tangu enzi za baba yake Jinal. Hawaulizani habari, hutaniana mpaka habari zijitokeze zenyewe.

"Omogaka, mifuko minne ya simiti? Ulisema hiyo kazi imeisha," anasema Jinal, akimwita mzee kwa Kigusii.

"Iliisha. Imeanza tena."

Anamweleza: tofali, tundu, taili ya rangi ya maziwa. Jinal anaacha kuandika.

"Taili ya Osoro? Ile ya krimu yenye mistari midogo kama nywele?"

"Wewe umeijuaje?"

"Niliiuza mimi, mzee. Osoro alikuja hapa Desemba ile. Mimi nilidhani wewe ndiye umemtuma!"

Anaingia nyuma, maboksi yanasikika yakiburutwa, anarudi na vipande sita vyenye vumbi, masalio ya mzigo ule. Anafuta kimoja kwa kiganja na kumpa mzee. Masese anakishika kwa mikono miwili. Anakigeuza upande wa juani, anapitisha kidole gumba kwenye mistari ile, anakigonga kwa kucha kusikia mlio wake. Wateja wawili wanamsubiri apishe njia, lakini yeye hana habari nao.

"Ni nzuri," anasema. "Kumbe alichagua kitu kizuri."

"Alichukua saa nzima hapa," Jinal anamwambia. "Alikuwa anasema, baba yangu angechukua ipi?"

Mzee anavifunga vipande vyote sita katika gazeti. Jinal anakataa kuvipigia bei, anasema vilikuwa vinamjazia stoo, na ukimwangalia unajua si kwa sababu ya stoo.

Kazi ya Jumatano mchana na Alhamisi ni ya haraka lakini haina kelele. Mong'ina anaikwaruza sakafu nyekundu kwa patasi ili saruji mpya ishike, na ni kazi ya kuhuzunisha kidogo, kuharibu kitu kilichokuwa kizuri. Wanamwaga kuanzia kona ya sinki, wakirudi kinyumenyume kuelekea mlango wa nje. Masese anasawazisha kwa ubao mrefu, magoti yakiwa juu ya gunia. Safari hii hakuna kipimo cha kichwani. Amepitisha mpira mwembamba wenye maji kwenye tundu la tofali. Drusilla ameushika mwisho wa pili sebuleni, chinsoni haimzuii yeye kufika huko, na anatangaza kwa sauti maji yaliposimama.

"Hapo!"

"Hapo wapi? Juu ya taili au chini?"

"Juu! Mimi ni mjinga?"

Mahali pa mlango ujao, chini ya linta, Masese anaacha nafasi ya kizingiti. Anaipanga mwenyewe, kwa vipande vile sita vya Jinal, mistari ikielekea sebuleni. Sehemu ile ya ukuta bado imesimama juu yake, kwa hivyo anafanya kazi kwa kuingiza mikono katika mwanya mwembamba uliochongwa na Mong'ina, shavu likiwa limeegemea tofali, macho yamefumbwa. Haoni kitu. Vidole tu ndivyo vilivyovuka.

Ijumaa saa nane mchana jua limetoka, na boma zima liko uani. Osoro amefika kutoka Itumbe akiwa bado na harufu ya chai iliyokaushwa kwenye nguo. Anamsalimia baba yake kwa mikono miwili, na wote wawili wanaongea kuhusu mbolea. Suala la sakafu hawaligusi. Baada ya muda Osoro anasema, akiangalia viatu vyake, "Tata, nilipaswa kusema."

"Jinal aliniambia ulikaa saa nzima dukani."

Osoro anainua uso.

"Ulichagua vizuri," anasema Masese. "Tumalize kazi, Sabato inakuja."

Ukuta utabomolewa kutoka ndani ya nyumba, na atakayebomoa ni Mong'ina, ambaye ni jirani wa ukoo mwingine na chinsoni haimhusu. Kabla hajaanza, Masese anaingia jikoni peke yake kutoa vifaa. Anatoa mwiko. Anarudi, anatoa timazi na uzi. Anarudi, anatoa ubao. Kila safari anabeba kimoja, ingawa karai lingeweza kuvibeba vyote. Safari ya mwisho hana cha kubeba. Anafuta kaunta kwa mkono wa shati, anafungua bomba na kulifunga, anainama na kuchungulia ndani ya jiko, juu kwenye chimni, palipo na duara dogo la mwanga. Anasimama katikati ya sakafu. Halafu anatoka na kuuvuta mlango, ambao haukwaruzi.

"Haya," anasema. "Bomoa."

Nyundo inalia. Vumbi linatoka madirishani. Masese amekaa kwenye kiti alichowekewa chini ya dirisha la jikoni, mgongo ukiwa ukutani, na anahesabu mapigo kwa midomo. Yanapokoma, watoto wanasikika wakikimbia kutoka sebuleni hadi jikoni, jikoni hadi sebuleni, wakipiga kelele kama wamevuka mpaka wa nchi. Hakuna anayejikwaa.

Drusilla anapanda kutoka kwake na kaa la moto katika kipande cha chungu. Linet anapanga kuni. Nje, Masese ameinua kichwa kuitazama chimni. Kwa muda hakuna kitu, na uso wake hauna kitu pia. Kisha moshi mwembamba unatoka, unasitasita, unanyooka.

"Inavuta," anasema. Anavua kofia na kuivaa tena.

Kikombe cha chai kinatokea dirishani. Linet anakiweka kwenye ukingo na kurudisha mkono, kama heshima inavyotaka, na mzee anakichukua. Kuanzia leo chai yake itapitia hapo. Lakini anakunywa bila utulivu. Anakunywa nusu, anakiweka chini, anakishika tena.

Drusilla anamjua. "Nini sasa? Moshi si umepanda?"

"Kizingiti," anasema. "Nilikiweka nikiwa kipofu."

Anachukua pima maji yake, ya mwaka 1994, kioo chake kimekwaruzwa lakini kiputo bado kinaonekana, na kumpitishia Mong'ina dirishani. Anamwagiza ailaze juu ya taili, nusu kwa mwanawe, nusu kwa jikoni. Mong'ina anailaza. Anasema iko sawa. Masese anamwambia arudie. Anarudia. Iko sawa, mzee. Osoro naye anapiga magoti, anaangalia, iko sawa, tata. Mzee anawaamini, lakini kwa miaka arobaini hajawahi kuondoka kazini kwa neno la mtu mwingine.

Osoro anatoa simu yake. Anapiga picha, anatoka kwa mlango wa mbele, anazunguka nyumba kwa njia ya nyasi zilizokufa, na kusimama mbele ya baba yake bila kumnyooshea.

"Tata, ni picha tu."

Masese anaiangalia simu ile kama anavyoangaliwa mbwa asiyejulikana. Anamgeukia mkewe. "Picha ni kuingia?"

Drusilla anafikiri. "Picha haina miguu," anasema.

Mzee anaipokea. Anaileta karibu na tumbo, akiikinga na jua kwa kiganja, na kabla hajaitazama anaweka kidole gumba upande mmoja wa kioo cha simu, cha pili upande mwingine, mpaka sebule yote inafichika, viti, pazia, miguu ya wajukuu. Kinachobaki kati ya vidole ni kipande kidogo: kizingiti cha rangi ya maziwa, na juu yake kioo kilichokwaruzwa, na ndani ya kioo kiputo. Kimetulia katikati ya mistari miwili.

Anakitazama kwa muda mrefu. Vidole gumba havisogei.

"Iko sawa," anasema. Anamrudishia mwanawe simu, anamaliza chai, anakiweka kikombe kwenye ukingo wa dirisha, na kuanza kukusanya vifaa vyake.

Drusilla anamwuliza anavipeleka wapi, na kesho ni Sabato.

"Kwako," anasema Masese. "Jumatatu asubuhi tunabomoa lile banda lako la kupikia, tunakujengea jikoni, kaunta inchi thelathini na tano, hakuna kupima. Na hiyo nitakuwa naingia mpaka unifukuze."